Balbu ya Kuokoa Stima Iliyoua Vifaranga

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya majuma kadhaa. Nilikuwa nyumbani Myanga, na nimerudi Nairobi na aibu. Leo naitua hapa, halafu nagombana na watu.

Senge wangu (ndivyo sisi Wabukusu tumwitavyo shangazi) anafuga kuku. Chumba cha kulelea vifaranga kilikuwa na balbu moja ya kizamani ya wati 100, ile yenye uzi wa chuma ndani. Mimi, mtu wa kompyuta, nikacheka. "Senge, hii inakula stima bure." Nikaenda sokoni nikarudi na LED ya wati 13 yenye mwanga uleule. Nikampigia hesabu: wati 100 kwa saa 24 ni uniti 2.4, wati 13 ni kama uniti 0.3. Akafurahi. "Kweli mwanangu, shule imekusaidia."

Vifaranga walikuwa 50, wa siku mbili. Asubuhi ya tatu, 19 walikuwa wamekufa, wamelaliana kwenye kona. Hapakuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa baridi tu, na taa yangu ilikuwa inawaka vizuri kabisa juu ya maiti.

Senge hakunigombeza. Alisema tu, "Ile ya zamani ilikuwa moto." Maneno matano, na fizikia yote imo humo. Balbu ya uzi hugeuza zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za umeme wake kuwa joto. Mwanga ni makombo. Sisi waandishi wa programu tuna utani wetu: "Hiyo si hitilafu, ni sifa ya programu." Mimi nilirekebisha "hitilafu" bila kumuuliza mtumiaji anaitumia kwa kazi gani.

Na siko peke yangu. Mwaka 2010 Kenya iligawa bure balbu milioni 1.25 za kuokoa umeme, zile za mirija iliyosokotwa. Kwa sebule lilikuwa jambo zuri, sipingi. Lakini tangu hapo tumeimbiwa wimbo mmoja: balbu ya zamani mbaya, mpya nzuri. Nzuri kwa nini? Kwa nani? Mwaka huohuo kule Ujerumani, mhandisi Siegfried Rotthäuser alichekesha Ulaya nzima iliyokuwa ikipiga marufuku balbu za uzi. Aliziuza kwa jina la "Heatball", akidai ni hita ndogo, si taa. Forodha ikazizuia. Wengi waliona mzaha, lakini kwa kuku yule bwana alisema kweli tupu.

Tazameni wanaofuga matumbawe kwenye matangi ya kioo. Hao hawanunui "balbu" tu. Wanauliza rangi ya mwanga, wanauliza kelvini, na wanaotumia taa za mirija huzibadilisha baada ya mwaka mmoja hivi ingawa bado zinawaka, maana mwanga unaofaa matumbawe hufifia kabla jicho la mtu halijaona. Wanajua anayetumia taa si wao, ni kiumbe aliye ndani. Kwa nini kifaranga wa Myanga asipewe heshima hiyo?

Haya basi, anayeuza balbu na anayetoa ushauri wasikie. Swali la kwanza si "wati ngapi?" Ni "ya kazi gani?" Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unashusha kama nyuzi 3 kila wiki mpaka aote manyoya. Chukua balbu ya joto, ile nyekundu, au ya uzi ukiipata. Usichukue iliyopakwa teflon: ikipata moto hutoa hewa inayoua ndege. Funga mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili moja ikiungua usiku nyingine ibaki. Weka ya akiba ndani ya nyumba. Ifunge kwa mnyororo au waya, isije ikaangukia maranda na kuwasha moto.

Kipimajoto ni kizuri, lakini vifaranga wenyewe ndio skrini. Wakirundikana chini ya taa, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni wakihema, ni moto mno. Wakitawanyika wakila, nenda ukalale.

Najua mtaniambia, "Stima je?" Hakuna muujiza: joto la wati 100 hulipiwa wati 100. Akiba iko kwenye kuziba upepo, kupunguza ukubwa wa chumba, na maranda makavu, bila kuziba hewa yote. Ukitumia jiko la makaa stima ikipotea, acha hewa ipite, moshi wake usioonekana unaua kuku na watu. LED nayo ina mahali pake: kwa kuku wakubwa wa mayai wanaohitaji mwanga wa saa nyingi, ipo sawa kabisa.

Nimemnunulia Senge vifaranga 19 wengine na balbu mbili nyekundu. Juzi alinipigia simu: wote wazima. Kisha akauliza kama nina ushauri mwingine. Nilimwambia sina, aniambie yeye.

Tuonane tena.