Krismasi Hii Nyumba Isikose Kitabu

Desemba ikifika, ushauri haukosekani. Tunakumbushana mchele ununuliwe mapema, tiketi za basi zikatwe kabla nauli haijapanda, watoto wasikose nguo mpya. Sipingi hata moja. Sikukuu bila pilau ni sikukuu gani? Ninachouliza ni hiki: tukishakula tukashiba, tutafanya nini pamoja? Katika nyumba nyingi jibu ni televisheni, simu na, kwa wengine, chupa. Mimi nasema tusome.

Kipo kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya siku hizi hasa. Charles Dickens alikitoa London tarehe 19 Desemba 1843, akakiita A Christmas Carol, na nakala 6,000 za kwanza zikaisha kabla ya Krismasi yenyewe. Dickens aliijua dhiki. Alipokuwa na miaka 12 baba yake alifungwa kwa sababu ya deni, naye akawa kibarua katika kiwanda cha rangi ya viatu. Katika hadithi yake yumo Scrooge, tajiri bahili anayemnyima karani wake hata makaa ya kuotea moto. Karani huyo, Bob Cratchit, hulipwa shilingi 15 kwa wiki na ana watoto sita. Siku ya Krismasi familia nzima inagawana bata bukini mmoja, viazi na matofaa yaliyopondwa vikimsaidia ili atoshe, na wote wanamsifu kana kwamba hajapata kutokea bata kama yule. Mwajiri atakayesoma ukurasa huo kisha akachelewesha mshahara wa msaidizi wake wa nyumbani hadi Januari, huyo amesoma kwa macho tu.

Cha pili ni chetu wenyewe: Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Hasidi na Mwivu wanamtosa ndugu yao baharini kwa husuda. Wanageuzwa manyani, na Adili anaamriwa kuwachapa kila usiku, kazi anayoifanya kwa uchungu mkubwa. Shaaban Robert alikuwa Mwislamu, wala hakuiandika hadithi hii kwa ajili ya Krismasi. Lakini ni lini ndugu hukutana kwa wingi kijijini kama si Desemba? Na kesi ya mpaka wa shamba la marehemu baba huibuka lini kama si siku ya pili ya sikukuu? Kitabu hiki kisomwe kabla ya kikao cha ukoo, si baada yake.

Vijana nao nawapa Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996. Kongowea, aliyefiwa na mama yake Tanga, anafunga safari ya kumtafuta baba hadi Kitale. Kijana aliye ndani ya basi akielekea kwao ataielewa safari hiyo bila kufundishwa na mwalimu.

Nitaambiwa vitabu ni ghali. Ni kweli, na si jambo la leo. Kitabu cha Dickens kiliuzwa shilingi tano, yaani thuluthi ya mshahara wa wiki wa Cratchit. Karani yule asingemudu kununua hadithi yake mwenyewe. Ndiyo maana Dickens alipoanza kukisoma hadharani mjini Birmingham, Desemba 1853, alitaka siku moja iwe ya wafanyakazi, kwa kiingilio nafuu. Kitabu kimoja kikisomwa kwa sauti kinatosha ukumbi mzima, seuze sebule. Bibi aliyepungukiwa na nuru ya macho atasikia, na mtoto asiyejua herufi atasikia pia.

Wengine watasema watoto wamechoka na masomo, waachwe wapumzike. Naam, wapumzike na maswali ya ufahamu. Kisomo cha sikukuu hakina mtihani: mtoto asome ukurasa, shangazi apokee, anayesinzia aachwe asinzie.

Basi, mzazi mwenzangu, katika orodha yako ya sokoni ongeza kitabu kimoja. Kama fedha haitoshi, azima kwa jirani au maktaba, nawe ukirudishe kikiwa kizima. Baada ya chakula zimeni simu kwa saa moja tu, mfungue ukurasa wa kwanza. Wanaokupigia watapiga tena.