Chungu Kimoja kwa Mgonjwa na Wazima

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo lililoingia katika nyumba zetu nyingi bila ya kupiga hodi, nalo ni maradhi ya sukari, khasa yale ya aina ya pili ambayo aghlabu huwapata watu wazima.

Huku kwetu Ukonga twamjua mzee mmoja aliyerudi hospitali na habari hiyo. Mkewe, kwa mapenzi yake, akamtengea sufuria ndogo: mboga zisizo na nazi na ugali wa dona. Watoto wakaendelea na wali wao na maandazi yao. Mzee akala peke yake siku kumi. Siku ya kumi na moja palikuwa na maulidi kwa jirani. Akala sahani mbili za pilau, akashushia soda, na tangu siku ile sufuria ile ndogo haikupanda tena mekoni. Jee, kosa ni la nani? Sisi twasema si la mzee peke yake. Mtu akitengwa na sinia ya watu wa nyumbani mwake, huona kama amekwisha kuzikwa naye angali hai.

Wala tusidhani kuwa maonyo haya ni ya mgonjwa tu. Profesa Donald McLarty na wenzake walipima watu wa vijiji 6 vya Tanzania, na katika habari walizozitoa mwaka 1989 wagonjwa hawakufika hata 1 katika kila watu 100. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulikuta wapatao 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Ingawa umri wa waliopimwa haukulingana, tofauti hiyo yatosha kutustua.

Tufahamu asili yake. Chakula cha wanga hugeuka sukari katika damu, na kongosho hutoa insulini ya kuipeleka sukari hiyo mwilini. Katika maradhi haya mwili huikaidi insulini, na baadaye kongosho lenyewe huchoka. Sukari ikikaa damuni miaka mingi huharibu macho, figo na miguu.

Basi chungu na kiwe kimoja, ila sahani ibadilike kwa wote. Nusu yake iwe mboga: mchicha, matembele, bamia au kabichi. Robo iwe samaki, maharage au kuku. Robo iliyobaki iwe ugali, wali, ndizi au muhogo. Kimojawapo, si vyote pamoja. Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kugawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi. Jee, ni nani kati yetu, mzima au mgonjwa, aliyesamehewa mafunzo hayo?

Yako makosa ambayo yatupasa kuyaondoa. Wako wasemao kuwa dona haina sukari, kwa hiyo hula mlima wake. La! Dona ni bora kuliko sembe, lakini nayo ni wanga, na wingi wake hudhuru. Wengine husema kuwa asali na tende ni sunna, basi hazina madhara. Baraka haiondoi kipimo. Vyote viwili hupandisha sukari. Na soda, chupa moja ndogo yaweza kuwa na sukari ya vijiko vya chai vinane au zaidi.

Ama saumu, Mwenyezi Mungu amewapa wagonjwa ruhusa katika Suratul Baqara, Aya ya 184 na ya 185. Atakaye kufunga na amwone daktari mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani, khasa mwenye kutumia insulini. Wala asipunguze dawa kwa rai yake mwenyewe. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9, au ikipanda juu ya 16.6, na afungue mara moja. Wanavyuoni wengi wamesema kuwa kuchoma kidole kwa ajili ya kupima hakuharibu saumu. Afuturu kwa tende moja na maji, na daku ailie mwisho wa usiku.

Nanyi vijana, msimwachie mama mzigo huu peke yake. Nendeni na baba kwa miguu msikitini, mkaifanye dakika thelathini za kila siku kuwa za mazungumzo. Na anayekaribisha wageni asiwalazimishe chai ya sukari nyingi. Na aiweke sukari kando, kila mtu ajitilie mwenyewe.

Tulimwendea mama yule tukamweleza haya. Siku hizi sinia ni moja, na mzee hukaa mahali pake, karibu na wajukuu. Mboga ni nyingi, ugali ni kidogo, na hakuna aliyetengwa.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awahifadhi wazima wetu. Amin.