Bonde la Msimbazi Si Shamba la Bibi

Watu wa mjini tuna ugonjwa mmoja ambao hauna dawa hospitalini. Tukiona uwanja mtupu, mikono inatuwasha. "Kile kiwanja kimelala bure," tunasema, na watoto mia wanaochezea mpira pale kila jioni tunawahesabu kuwa si kitu. Wiki ya pili linatupwa lori la mchanga. Ya tatu unaota ukuta. Mwezi ukiandama kuna fremu sita za maduka, baa moja, na kijana mwenye kirungu anayewauliza wale watoto wametumwa na nani. Ukienda kuuliza ofisini, unaonyeshwa hati. Hati haikosekani katika nchi hii. Kinachokosekana ni haya.

Nayasema haya kwa sababu ya Jangwani, eneo lililo ndani ya Bonde la Msimbazi. Kila anayeishi Dar es Salaam anajua kinachokusudiwa pale. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, na Hispania na Uholanzi nazo zikatia mkono. Mto utachimbwa na kupanuliwa, daraja la Jangwani litainuliwa, karakana ya mabasi ya mwendokasi itaondolewa bondeni, na sehemu ya chini ya bonde itakuwa bustani kubwa ya jiji. Udongo utakaochimbwa utainua kingo, na juu ya kingo hizo ndipo yatakapojengwa majengo ya makazi na biashara. Jambo jema, nani asiyelitaka? Mwenyezi Mungu awape nguvu wanaolifanya.

Sina haja ya kueleza kwa nini bonde lile lilihitaji dawa. Waliofiwa Desemba 2011, mafuriko yalipochukua watu zaidi ya arobaini jijini, hawahitaji kuhutubiwa nami. Mto unatoka milima ya Pugu, unakusanya kila uchafu tunaoutupia, unapita Kigogo, Magomeni na Hananasifu, na kuingia baharini penye daraja la Salenda. Mto huo ulikuwapo kabla ya Dar es Salaam. Sisi tukaupangia jirani: nyumba, viwanda, gereji, na mwisho wa yote karakana ya mabasi ya mwendokasi! Mabasi yalianza kazi Mei 2016, na masika baada ya masika maji yakayafuata pale pale, barabara ya Morogoro ikafungwa, watu wa Kimara wakatembea. Waliotahadharisha mapema waliitwa wakorofi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lenyewe limekuwa la abiria.

Basi hilo limepita, na linarekebishwa. Ninachokiogopa ni zile kingo.

Fikiri mwenyewe, ndugu msomaji. Ardhi iliyoinuka isiyofikiwa na mafuriko, dakika chache kwa basi kutoka Kariakoo, mbele yake bustani ya kijani, nyuma yake njia ya mwendokasi. Unadhani nani anaimezea mate? Si yule mama anayeuza vitumbua Magomeni Mapipa. Ninawaona tayari, kwa macho ya fikra, waheshimiwa wanaochora minara ya vioo, kila mnara na ukuta wake, kila ukuta na nyaya zake za umeme juu, na geti linaloelekea barabarani huku bustani ikipewa mgongo. Chini ya kila mnara, ghorofa tatu za maegesho ya magari. Wakimaliza wataiita bustani "mandhari" na kuiuzia wapangaji wa juu, na mwananchi aliyekopewa zile dola kwa jina lake ataitazama kutoka dirishani mwa daladala.

Tamaa mbele, mauti nyuma. Bustani iliyozungukwa na kuta haiwi bustani, inakuwa kichochoro. Mchana haina watu, usiku ina wezi. Bustani inalindwa na macho ya watu wanaoishi karibu nayo, na macho hayo hayapiti ukutani. Duka la dawa lililo wazi hadi saa nne usiku, kinyozi mwenye taa yake, mama ntilie anayekunja jamvi baada ya isha, mpangaji wa ghorofa ya pili anayeanika kanga kwenye roshani na kumwona kila apitaye: hao ni askari wasiodai mshahara. Ofisi tupu haziwezi, maana saa kumi na moja jioni zimefungwa. Baa tupu nazo haziwezi, kwa sababu mnazozijua ninyi nyote. Vitu hivi lazima vikae pamoja, duka chini, makazi juu, na makazi yenyewe ya watu wa vipato mbalimbali. Watu wa mipango miji wanaliita jambo hili matumizi mchanganyiko na kulitolea semina hotelini, chai na sambusa juu yake.

Jamani, hili tuliletewa lini na semina? Nenda Uhindini, mitaa ile ya nyuma ya Samora, utazame majengo ya zamani: duka chini, mwenye duka na wanawe juu. Nenda kilichobaki cha nyumba za Kiswahili pale Kariakoo na Ilala: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na kisima, na mbele kabisa baraza. Barazani babu anacheza bao, bibi ameweka sinia la maandazi, fundi cherehani amepewa pembe yake, na mgeni asiye na jamaa anapumzika bila kuulizwa. Nyumba moja ilikuwa makazi, soko, karakana na mahakama ndogo ya mtaa. Wazee wetu walikuwa na akili za mji. Sisi wenye shahada tukaziba baraza kwa ukuta wa matofali, kisha tunalalamika kwamba siku hizi majirani hawajuani.

Ningekuwa na madaraka ningeandika sharti moja tu kwa kila atakayejenga kando ya bustani ile: mlango wako mkuu utazame bustani, na ghorofa yako ya chini isizungushiwe ukuta. Asiyetaka akajenge kwingine, Bagamoyo kuna nafasi.

Sasa njia ya kufika. Hapa nitasema polepole, kwa kuwa ndipo tunapoharibu kila kitu. Bonde lile limebahatika. Njia ya mwendokasi ya Kimara inalikata kati, vituo vya Jangwani, Fire, Usalama na Magomeni Mapipa vimepangana kama shanga, na upande wa baharini njia ya awamu ya nne inapita barabara ya Ali Hassan Mwinyi kuelekea Tegeta. Mtu wa Mbezi na mtu wa Mwenge wote wanaweza kuja na watoto wao Jumapili bila kumiliki hata baiskeli. Hazina ya namna hiyo miji mingine inaitafuta kwa tochi. Lakini jaribu kushuka kituoni pale jioni ukatembee. Njia ya waenda kwa miguu ipo, naam, na juu yake pameegeshwa bodaboda kumi na mbili, mwenye mahindi ya kuchoma ameweka jiko, na gari moja la heshima limepanda ukingo kwa matairi mawili. Unashuka barabarani. Unarudi juu, unakuta mtaro ambao mfuniko wake wa chuma umekwisha uzwa kama skrepa, na mtu mwema ametia humo tawi la mwarobaini ili usitumbukie. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi apite wapi? Mzee mwenye fimbo? Mlemavu wa kiti cha magurudumu hata simtaji, maana amekwisha kukata tamaa yuko nyumbani.

Yule wa mahindi simlaumu. Anatafuta riziki kwa halali, na abiria ndio mtaji wake. Lawama ni kwa mchoraji aliyesahau kwamba penye kituo patakuwa na mahindi. Mpeni sehemu yake, yenye bomba la maji na pipa la taka, kabla hajajipa mwenyewe. Tukishamaliza kujenga ndipo tunaleta mgambo kumwaga sufuria za watu, tukijisifu tumesafisha mji. Na bodaboda wapewe kituo chao, wasipewe njia ya miguu. Magari binafsi yatafutiwe nafasi mwisho kabisa, baada ya wote hao, kwa kuwa wenye magari ni wachache na wana kelele za wengi.

Na kwa kuwa nimetaja mwendokasi, nisamehewe, siwezi kupita bila kusema hili. Vijana wetu! Basi linaingia kituoni, milango haijafunguka, kijana wa miaka ishirini, shati limepigwa pasi, amekwisha ingia kupitia dirishani. Mguu wake unapita mbele ya pua ya mwalimu mstaafu. Mjamzito anasukumwa hadi kwenye nguzo, na waliotangulia kukaa wanashikwa na usingizi wa ghafla, usingizi ambao huisha basi likifika Kivukoni. Huyu si mtoto wa mtu? Hakufundishwa shikamoo? Najua mabasi ni machache na watu ni wengi, nami nimeyasema hayo hadi nimechoka, lakini uchache wa mabasi hauondoi adabu iliyotoka nyumbani. Samaki mkunje angali mbichi. Wazazi mnaosoma hapa mwulizeni mwanenu leo usiku aliingiaje kwenye basi. Haya, nimetoa la moyoni, turudi bondeni.

Yupo atakayeniambia kwamba naona mbali mno, kwamba serikali haiwezi kuiacha bustani ya mabilioni iliwe. Mimi nasema serikali ni watu, na watu hukumbushwa. Wakenya wanajua. Mwaka 1989 palipangwa kujengwa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, katikati ya Nairobi, na mwanamazingira Wangari Maathai akasimama kulipinga. Alitukanwa, akaitwa majina, bungeni wakamcheka. Jengo halikujengwa. Leo watoto wa waliomcheka wanapumzika kwenye nyasi zile zile, na wala hakuna anayewauliza baba zao walikuwa wapi.

Sisi wenyewe tuna Mnazi Mmoja. Mnajua uwanda ule ulibakije? Waingereza miaka ya 1920 waliuacha wazi makusudi, ili kuutenga mji wa Waafrika wa Kariakoo na Uhindini. Kwa nia mbaya wakatuachia jambo jema, na juu ya ardhi ile ya ubaguzi watu wakakusanyika kudai uhuru wao. Ikiwa mkoloni aliweza kuulinda uwanja miaka arobaini kwa ajili ya kututenganisha, sisi tutashindwa kulinda mmoja kwa ajili ya kukutana? Bonde hili lina jina kubwa nchini. Hata wapenzi wa mpira, Wana Jangwani na Wekundu wa Msimbazi, mmelibeba vifuani. Watani wa jadi wasiokubaliana hata rangi ya nyasi wamelelewa na mto mmoja.

Na wananchi nao wasijifiche nyuma yangu. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hakuna mkazi wa bondeni asiyezijua hizo mita 60, amepigiwa chapa ya X ya kubomolewa ukutani. Baada ya mafuriko ya 2011 watu walipewa viwanja Mabwepande. Wapo waliouza wakarudi bondeni. Nawaelewa, Mabwepande ni mbali na riziki iko Kariakoo. Ndiyo maana nashikilia kwamba sehemu ya nyumba zitakazojengwa kwenye zile kingo ziwe za kodi ndogo, kwa watu wanaofanya kazi mjini: muuguzi, dereva, mpishi, mshona viatu. Ukimfukuza maskini bondeni na kumweka tajiri mahali pake palipoinuliwa kwa mkopo wa wote, hiyo siyo mipango miji. Na huyu maskini naye akipewa bustani asiifanye dampo. Mvua ikinyesha tu, kuna watu wanafungua magunia ya taka na kuyakabidhi mtaroni, wakimwachia Mungu na mto. Mungu hakuumba nepi za plastiki. Dini zetu zote zinatufundisha kuondoa cha kudhuru njiani, na sisi tunakipeleka.

Wenyeviti wa mitaa ya Magomeni, Kigogo, Hananasifu, Upanga na Jangwani, itisheni mikutano kabla michoro haijapigwa muhuri. Madiwani, leteni ramani ya zile kingo, ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, mtu aone kwa kidole wapi nyumba, wapi maduka, wapi njia ya miguu kutoka kituo cha basi hadi kwenye nyasi. Nawe msomaji, siku hiyo usiseme una shughuli. Nenda ukaulize maswali mawili: kodi ya chumba itakuwa shilingi ngapi, na geti litafunguka upande gani. Usiondoke mpaka umejibiwa, na jibu lenyewe liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.