Ukienda Gwaride, Lipe Jukwaa Mgongo

Mwezi wa kumi ukikaribia, vijana wenye kamera hapa Machakos huanza kuulizana maswali yaleyale. Nibebe lenzi gani? Beji inatolewa wapi? Nisimame wapi ndio nimpate mkubwa akikagua gwaride? Hilo la mwisho ndilo huniudhi. Msee, hii ni Mashujaa yako ya kwanza. Unakopa lenzi ya mtu, unanunua kadi mpya na pesa ya rent, ili upige picha ambayo mpiga picha wa serikali ataipiga akiwa karibu kuliko wewe, tena kwa mshahara?

Jukwaa halikuhitaji. Mwaka 2016 sherehe ya kitaifa ya Mashujaa ililetwa hapa kwetu, Kenyatta Stadium. Tafuta picha za siku hiyo kwa simu yako. Rais utampata bila jasho. Sasa mtafute mama aliyetoka nyumbani kabla ya jua ndio apate pa kukaa. Bahati njema.

Na tukumbushane hii siku ni ya nani. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya mkoloni ilitangaza hali ya hatari na kukamata viongozi, na mmoja wa wale sita walioshtakiwa Kapenguria alikuwa Paul Ngei, mtu wa huku kwetu. Kwa miaka mingi siku hiyo iliitwa Kenyatta Day. Katiba ya 2010 ikaibadilisha ikawa Mashujaa, yaani ikatolewa kwa mtu mmoja ikapewa wengi. Lakini kamera zetu, ukiziangalia vizuri, bado zinasherehekea Kenyatta Day. Jina tu ndilo limebadilika.

Kuna gwaride lingine ambalo ningetoa chochote kuliona. Mwaka 1938 mkoloni alikuwa anawapokonya Wakamba ng'ombe, anasema wamezidi ardhi. Ng'ombe wakawa wanauzwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama cha Liebig's kilikuwa hapo Athi River kikingoja. Muindi Mbingu na maelfu ya watu, wanawake na watoto wakiwemo, wakaenda Nairobi kumtaka gavana awasikilize. Walikaa huko wiki kadhaa, hawabanduki. Mbingu akakamatwa, akapelekwa kufungiwa Lamu. Leo ana barabara katikati ya Nairobi, na wengi wanaopita hapo wanajua tu ni mahali pa kupanda matatu. Hao waliotembea naye walikuwa na sura gani? Walivaa nini miguuni? Mimi nimesoma shule za Machakos miaka yote na sijawahi kuonyeshwa picha yao hata moja. Ukielekeza lenzi yako jukwaani kutwa nzima, mtu wa mwaka 2100 atauliza swali hilohilo kuhusu sisi.

Kwa hivyo ukitaka kujiandaa, jiandae kwa watu. Nenda uwanjani siku za mazoezi, wakati askari wa magereza na vijana wa NYS wanarudia hatua zilezile bila bendi na bila mgeni wa heshima. Angalia jua. Oktoba huku kwetu, saa sita, jua linakaa karibu utosini, na kofia ya askari inamfanya awe na shimo jeusi badala ya macho. Picha za uso zipige asubuhi, au upige magoti umngoje ageuke kwenye mwanga. Lenzi fupi inatosha, itakulazimisha kumsogelea mtu na kumsalimia. Watoto wa skauti wanapangwa foleni mapema sana na hawana kivuli. Hiyo ni picha, na pia ni habari. (Ila mtoto akizimia, weka kamera chini uite watu wa St John.)

Sasa beji. Eneo la jukwaa lina masharti yake ya usalama, sawa, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na tabia ya kumfukuza kijana aliyesimama nje ya geti, barabarani, eti "nani amekuruhusu?" Wakati huohuo aliyevaa suti anarekodi na simu pembeni na hakuna anayemgusa. Kifungu cha 33 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutafuta na kusambaza habari, na hakikusema awe na koti lenye mifuko mingi. Kinachouma zaidi ni kwamba wapiga picha wakongwe, badala ya kututetea, wanacheka.

Wengine watasema picha za umati haziuzi. Ni kweli, haziuzi kesho yake. Picha ya mkubwa nayo utaiuza kwa nani, na ofisi yake inaigawa bure?

Beba daftari. Kila unayempiga muulize jina na anakotoka, awe ni Mwala, Masinga au Mlolongo, uandike hapohapo. Halafu usimalize betri kwenye hotuba. Gwaride likishavunjwa, askari wanavua kofia, bendi inapanga foleni ya soda, akina mama wanakung'uta leso wakitafuta viatu vya watoto. Wenye beji wakati huo wako kwenye magari, wanarudi Nairobi.