Tunataka studio, siyo semina nyingine

Jamani, tuseme ukweli. Kila mwaka wanakuja watu na kalamu za rangi. Siku tatu tunachora: nyumba inaungua, mama na mzigo kichwani, mtumbwi umejaa watu. Siku ya nne tunapewa cheti na fulana, tunapigwa picha, michoro inapakiwa kwenye gari, kwaheri. Michoro inaingia kwenye ripoti. Sisi tunabaki na fulana. Halafu tunaambiwa eti vijana wa kambi hawana mwendelezo.

Kabla hamjatuhukumu, angalieni maisha ya Jean-Michel Kibushi, mzee wetu wa filamu za katuni kutoka Kongo, kisha tubishane.

Alizaliwa 1957 huko Lubefu, Kasai. Alisoma maigizo Kinshasa. Kazi ya katuni aliipata kupitia mafunzo ya Wabelgiji wa Atelier Graphoui. Sawa, hata yeye alianzia kwenye mafunzo ya wageni. Basi hatuzikatai semina. Tofauti iko kwenye kilichofuata: mwaka 1988 alianzisha studio yake mwenyewe, Malembe Maa. Wenye Lingala wanajua, malembe ni pole pole.

Kutoka hapo kazi zikatoka moja baada ya nyingine. Mwaka 1991, ngano ya chura aliyekwenda kwa wakwe zake. Septemba mwaka huohuo wanajeshi wakapora Kinshasa, na mwaka 1992 Kibushi akatoa filamu fupi juu ya uporaji ule. Hakungoja mgeni aje kumuuliza alijisikiaje. Mwaka 1999 akatoa Muana Mboka, ya mtoto wa mitaani Kinshasa. Ngano za wazee na maumivu ya mji vilipita kwenye mikono ileile, chini ya jina lake.

Mtatuambia studio ni ghali, umeme hakuna. Haya, tuhesabu. Sinema hupita picha 24 kwa sekunde. Ukipiga kila mchoro mara mbili, unahitaji michoro 12 kwa sekunde, yaani 720 kwa dakika moja. Ukikata vikaragosi vya karatasi, huchori upya kila kitu: unasogeza mkono kidogo, unapiga picha, unasogeza tena. Karatasi, mkasi, taa ya sola, simu moja iliyofungwa isitikisike. Kinachokula gharama hapo ni muda, na muda ndio mnaotunyima. Nani atamaliza dakika moja ya filamu kwa siku tatu, tena katikati kuna hotuba na soda?

Mtasema tena: kambi ni ya muda, watu wanahama. Wengine wetu tumezaliwa humuhumu, tumeota ndevu humuhumu! Na Malembe Maa yenyewe ilikuwa studio ya kuzunguka. Studio inaweza kubebwa kwenye sanduku. Ni miradi yenu ndiyo inahama kila bajeti ikiisha.

Kwa hiyo ndugu wa mashirika, tunaomba mambo matatu. Chumba ambacho ufunguo wake unakaa na vijana. Mwalimu wa mwaka mzima badala ya wageni kumi wa siku tatu. Na mchoro wowote ubaki mali ya aliyeuchora, ukitumika popote uende na jina lake, kama mwenyewe anakubali. Kama hayo ni makubwa, basi msituambie tena kwamba mnatupa sauti.

Na ninyi vijana wenzetu mnaouliza posho kabla ya kuuliza kazi, sikieni pia. Studio haijengwi kwa posho. Chukueni ngano moja ya bibi, kateni karatasi, anzeni na sekunde moja. Michoro 12 tu. Kesho 12 nyingine. Malembe, malembe, lakini tusisimame.