Kumkalisha Mama Kitini Si Kumheshimu



Sisi tunaoshona nguo za harusi hapa Mwanza tunawapima mabibi harusi pamoja na mama zao. Bibi harusi anatuambia, "Kiuno kipunguzeni, nimeanza mazoezi." Mama naye akisema angependa kutembea asubuhi, anachekwa: "Mama, na umri huo? Kaa upumzike." Jamani, huko si kumheshimu. Huko ni kumzeesha kabla ya siku zake.

Tuseme ukweli. Mama zetu wa kandokando ya ziwa hawakuzoea kukaa. Walipanda vilima vya Bugando na Igogo na ndoo kichwani, walizunguka na beseni za dagaa, walilima mihogo Ukerewe. Sisi watoto tulipopata uwezo tukawaondolea yote hayo. Tumewawekea bomba, dada wa kazi na televisheni. Sawa, wamestahili kupumzika. Lakini kazi tumeiondoa na mahali pake hatukuweka kitu. Magoti yanakakamaa, misuli inanywea, siku moja mama anateleza bafuni anavunjika nyonga. Hapo ndipo tunapoitana kuchanga.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka watu wazima, hata waliopita miaka 65, wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ni nusu saa tu, siku 5. Kwa wazee limeongeza mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, siku 3 au zaidi kwa wiki, ili wasianguke. Kuinuka kitini na kukaa tena mara kadhaa, kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika ukuta: hayo yanahitaji shilingi ngapi?

Wapo watakaouliza, "Na dini je?" Abu Daudi amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.). Mara ya kwanza Bi Aisha alishinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa, Mtume akamshinda. Na Mtume wakati huo alikuwa ameshapita miaka 50. Basi nani kati yetu ana haki ya kumwambia mama wa miaka 60 kwamba mchezo ni wa watoto?

"Na stara?" Hilo tuachieni sisi mafundi. Suruali pana ya pamba, kanzu ya kufika chini ya magoti yenye mpasuo wa kumpa nafasi ya hatua, mtandio wa kuvaa kichwani usiopeperushwa na upepo wa ziwa. Chini raba, si kandambili. Stara haijawahi kumzuia mtu kutembea.

"Watu watasema." Waseme! Desemba 2016 Mama Samia, mtoto wa Makunduchi, wakati huo Makamu wa Rais, aliwataka Watanzania wafanye mazoezi kujikinga na magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Hapa kwetu wanaume wanakimbia Capri Point alfajiri, wengine wana mvi, na hakuna anayewauliza umri. Kwa nini mama aulizwe?

Hatusemi mama akimbizwe. Mwenye presha, sukari au maumivu ya kifua aonane kwanza na daktari. Wala asipelekwe kuogelea ufukweni, maana kichocho kipo ziwani. Atembee barabarani baada ya swala ya Alfajiri, na wenzake wawili watatu. Hao walicheza rede na netiboli shuleni. Wapeni mpira muone watakavyocheka. Kicheko hicho nacho ni dawa, maana upweke unamla mzee kimyakimya.

Bibi harusi, ombi letu ni kwako. Umetenga fedha za ukumbi, keki, mapambo na sare za kamati. Tenga na za raba moja ya mama. Na hiyo nusu saa unayotafuta kiuno, mchukue mtembee wote. Gauni utalivaa siku moja, lakini mama unamtaka awe na miguu yake siku utakapomwita aje kumbeba mjukuu. Anza kesho Alfajiri, inshallah.