Pumzi ya Mfanyakazi Haipimwi kwa Kukisia



Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria upande wa Tanzania, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Siku mbili baadaye, wakati wengi walikuwa wamekwisha kata tamaa, wapiga mbizi walimtoa mtu mmoja akiwa hai ndani ya kivuko hicho. Alikuwa fundi wa injini, mfanyakazi kama sisi, aliyeokoka mahali palipobaki hewa. Tuliposikia habari ile tulimshukuru Mungu, na tuliwashukuru wapiga mbizi. Lakini ni wachache kati yetu waliojiuliza: mtu anayeshuka majini kumwokoa mwenzake, yeye mwenyewe anavuta hewa kwa kifaa gani, na kifaa hicho kilifanyiwa matengenezo lini, na nani, na kwa vipuri gani?

Tunalileta swali hilo katika ukurasa huu kwa sababu si la wapiga mbizi peke yao. Mwenzetu wa kiwandani anayesimama karibu na boila yenye vali ya usalama ya zamani, na mwenzetu wa shambani anayenyunyizia dawa akiwa amevaa barakoa ambayo chujio lake halipatikani tena dukani, wako katika hali ile ile. Uhai wao umewekwa juu ya kifaa ambacho aliyekiunda amekwisha acha kutoa vipuri vyake. Mpiga mbizi anatuonyesha jambo hilo waziwazi, kwa kuwa yeye akikosa hewa hana nafasi ya kwenda kulalamika ofisini.

KIFAA CHENYEWE

Kifaa hicho huitwa regulata. Wengi wetu tunaijua regulata ya gesi ya jikoni. Hii ni ndugu yake, ila kazi yake ni nzito zaidi. Mtungi wa mpiga mbizi hujazwa hewa kwa shinikizo la bar 200 hivi, yaani karibu mara mia ya shinikizo la tairi la gari dogo. Hewa hiyo haiwezi kuvutwa na mapafu ya mtu jinsi ilivyo, kwa hiyo regulata huishusha kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza, iliyofungwa juu ya mtungi, huishusha mpaka bar 9 au 10 hivi kupita shinikizo la maji yanayomzunguka mtu. Hatua ya pili, iliyo mdomoni, hufungua vali kila anapovuta pumzi na kuifunga anapoacha.

Regulata hii ilizaliwa Ufaransa mwaka 1943. Émile Gagnan, mhandisi wa kampuni ya gesi, alikuwa ametengeneza vali ya kupitishia gesi kwenye injini za magari wakati petroli ilipokuwa adimu kwa sababu ya vita. Yeye na afisa wa jeshi la wanamaji, Jacques-Yves Cousteau, waliigeuza vali ya namna hiyo ikawa ya kupumulia chini ya maji. Kwa hiyo kifaa hiki, tangu siku yake ya kwanza, ni mtoto wa karakana: kilipatikana kwa mtu kuangalia chombo kilichopo na kukipa kazi mpya.

Mwili wa regulata ni shaba nyeupe iliyopakwa kromu. Ukisuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya kazi, unadumu miaka mingi, na regulata zilizoundwa katika miaka ya 1960 zingali zinatoa hewa safi mpaka leo. Kinachokufa ni vitu vidogo: oringi, dayaframu, kiti cha vali, na ile vali laini ya mpira inayotoa pumzi nje. Mpira hukauka na kupasuka, plastiki huchimbika. Hapo ndipo mwenye kifaa huenda dukani na kuambiwa kwamba aina yake imeondolewa katika katalogi, na afadhali anunue mpya.

WANAOSEMA "TUPA" NA WANAOSEMA "SHUKA"

Katika jambo hili tumeona makosa ya aina mbili, na yote mawili yanamwumiza mfanyakazi.

Kosa la kwanza ni la muuzaji anayesema kila cha zamani kitupwe. Wahenga walisema kipya kinyemi, na huyu anautumia udhaifu huo kujaza mfuko wake. Kampuni nyingi huuza vipuri kwa mafundi waliowaidhinisha wao tu. Siku wanapoamua kuacha, fundi huachwa na spana mkononi bila cha kufunga. Lakini sehemu kubwa ya oringi zilizomo ndani ya regulata ni za vipimo vya kawaida vinavyotumika viwandani duniani kote. Fundi mwenye kipimo sahihi anazipata bila kumwomba mtu ruhusa. Tazameni mfano wa Marekani. Regulata za Aqua-Master za kampuni ya U.S. Divers, zile zenye mipira miwili mikubwa inayopita mabegani, ziliacha kuuzwa katika miaka ya 1970. Ilidhaniwa zimekwisha. Lakini watu wanaozipenda walipima dayaframu na vali zake, wakatengeneza nyingine kwa silikoni, ambayo haichakai upesi kama mpira wa zamani, na leo zinazamiwa tena. Kwa hiyo anayesema haiwezekani, mara nyingi maana yake ni kwamba haimpi faida.

Kosa la pili ni la mwajiri anayesema, "Mbona bado inatoa hewa? Shuka!" Huyu ni hatari kuliko wa kwanza. Regulata mbovu inaweza kutoa hewa vizuri juani na kumsaliti mtu majini. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 una hewa ya lita 2,400 hivi. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu, akifika mita 30 hutumia lita 80, kwa sababu shinikizo huko ni mara nne. Sasa kiti cha vali kikiwa kimechimbika, vali haifungi; hewa humwagika ovyo, na hesabu ya nusu saa huwa ya dakika chache. Mtu huyo atakimbilia juu kwa hofu, na kupanda kwa haraka ndiko kunakotia mapovu katika damu na kupooza viungo.

Wala hatusemi fundi akate mpira wa kandambili autie mahali pa dayaframu. Kuna vipuri vinavyoweza kupatikana kwingine na kuna visivyoweza. Oringi, mpira wa mdomoni na mipira ya kupitishia hewa huweza kutafutwa kwa kipimo. Lakini kiti cha vali cha shinikizo kubwa ni kitu cha umbo kamili, na pistoni yenye mkwaruzo kwenye ncha yake haifai kusuguliwa kwa tupa. Kama hakuna kingine, dawa ni kuchinja regulata mbili kuu kuu ili moja ipone, au kukubali kwamba hii imestaafu. Vilevile mafuta ya gari na girisi ya kawaida havina nafasi hapa: vikikutana na hewa ya oksijeni nyingi kwa shinikizo kubwa vinaweza kuwaka. Hutumika girisi maalumu tu, na kwa uchache.

Tena kazi hii ina ushahidi, haihitaji imani. Baada ya matengenezo geji hufungwa katika hatua ya kwanza. Mshale ukifika bar 9 au 10 na kusimama, vali imeziba. Ukiendelea kupanda polepole, inavuja, na hakuna maneno ya bosi yatakayoizuia. Kisha kuna jaribio ambalo mpiga mbizi mwenyewe anaweza kulifanya kila asubuhi bila chombo chochote: kabla ya kufungua mtungi, aweke mdomoni na kuvuta. Asipate kitu. Akipata hewa, basi dayaframu au vali ya kutolea pumzi imepasuka, na mahali hewa ilipopenya ndipo maji yatakapopenya.

GHARAMA YA KUPUUZA

Atakayedhani tunatia chumvi na aangalie Honduras, katika Amerika ya Kati. Huko watu wa kabila la Miskito wamekuwa wakizamia kambakochi kwa ajili ya makampuni yanayouza nje. Walipelekwa kwenye kina kirefu mara nyingi kwa siku, bila mafunzo ya kutosha na kwa vifaa duni. Kesi ya 42 kati yao ilifika katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, na hukumu ikatolewa tarehe 31 Agosti 2021. Thelathini na wanne walikuwa wameumia kwa kuzamia, na 12 kati ya hao walikufa. Serikali ilikubali kwamba ilikuwa na wajibu wa kuwalinda na haikuwalinda. Wale hawakuuawa na uzee wa vifaa. Waliuawa na hesabu ya mtu aliyeona kwamba kambakochi ni ghali na mzamiaji ni rahisi.

TUNALODAI

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Uzee wa kifaa si hatia, na upya wake si dhamana. Kinachotakiwa ni kipimo, kipuri sahihi na mkono uliofundishwa.

Kwanza, kampuni inayoacha kuunda kifaa cha kulinda uhai itoe michoro na vipimo vya vipuri vyake, ili wengine waviunde. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2021, waundaji wa mashine za kufulia nguo wanalazimika kutoa vipuri muhimu kwa miaka isiyopungua 10 baada ya aina hiyo kuacha kupelekwa sokoni. Tunauliza: shati la mtu limepata ulinzi huo, mapafu yake je?

Pili, kila kifaa cha namna hiyo kiwe na daftari lake: siku kilipofunguliwa, kilichobadilishwa, geji ilisoma nini, na sahihi ya fundi. Pasipo daftari pana kukisia.

Tatu, mafunzo ya matengenezo wapewe wafanyakazi wanaovitumia vifaa, si wauzaji peke yao. Anayekitumia ndiye anayesikia kwanza kikibadilisha sauti.

Nne, mfanyakazi anayekataa kushuka, au kuwasha, au kunyunyizia, kwa sababu kifaa hakijapimwa, asiadhibiwe. Hilo si ombi la hisani. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 13 kwamba mfanyakazi anayejiondoa mahali penye hatari kubwa na ya karibu, akiwa na sababu ya haki, alindwe. Na tangu Juni 2022 mkataba huo umo katika ile ya msingi, ambayo kanuni zake kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu.

Ndugu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wiki hii, kila mmoja wetu akague kifaa kimoja anachokitegemea: barakoa, vali, mkanda wa usalama, bomba. Amwulize msimamizi vipuri vyake vinatoka wapi na daftari lake liko wapi. Jibu likikosekana, swali lipelekwe kwenye mkutano wa tawi na liandikwe katika kumbukumbu. Tusingoje kuliuliza mbele ya jeneza.